Mbuzi wa Arobaini

Beberu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko tangu jana, na kila Mwanne alipopita na ndoo, mnyama yule aliacha kutafuna akamtazama. Beberu mweusi, shingo nene, amenunuliwa Kitangari kwa ajili ya hitima ya arobaini ya mjomba wake, marehemu Majaliwa. Leo alasiri, ukoo mzima ukiwa umekaa mikekani, Alfani, mume wa Mwanne, angetakiwa kula nyama ya beberu yule mbele ya macho ya watu. Asipokula, ashuke mteremko wa Masasi na cherehani yake kichwani, asionekane Newala tena. Mwanne angebaki na mtoto wao Fatu, kwa sababu huku juu mwanamume ndiye anayehamia kwa kina mkewe, na ndoa ikiharibika ni yeye anayefunga mizigo.

Hukumu hiyo aliitoa Bwanali, kaka yake Mwanne, mtu mwenye sauti kubwa ambaye tangu mjomba afe alikuwa ameshika usukani wa ukoo bila kuulizwa na mtu.

Ubaya wa jambo lenyewe hauonekani mpaka umjue Alfani. Alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani pa duka la Mhindi mmoja karibu na boma, na kwa kuvaa hakuwa na mpinzani kutoka Newala hadi kwao Chiwata. Suruali nyeupe ya drili, imepigwa pasi mpaka mtu anaogopa kuugusa mstari wake. Kofia ya ukili. Raba nyeupe za turubai, ambazo kila asubuhi alizipaka unga wa muhogo kama wengine wanavyopaka viatu vyao kiwi. Ngozi hakuvaa. Vifungo vya pembe au mfupa hakushona hata ukimlipa mara mbili. Vyake vilichongwa kwa mpingo, vidogo, vyeusi tii, hata makarani wa boma wakaanza kung'oa vifungo vyao vya dukani wakitaka "vya Alfani". Kiunoni alifunga mkanda wa katani aliousuka kwa mkono wake.

Na kinywa chake kilikuwa kama nguo zake. Nyama hakula, samaki hakula, yai na maziwa hakugusa. Wala usimwonee huruma, maana mtu yule alikula vizuri kuliko mwenye ng'ombe. Mwanne alimpikia ming'oko, vile viazi vya porini, na mchuzi wa korosho mbichi, kisamvu cha nazi, kunde zilizotiwa ufuta, mbaazi, uyoga wakati wa mvua. Alivipanga juu ya jani la mgomba, kijani huku, chekundu kule, mpaka majirani wakawa wanakuja kuomba moto saa ya chakula ilhali moto wanao majumbani mwao.

Waliomuuliza sababu aliwajibu kwa mzaha. Mwanne peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Alfani akiwa kijana alifanya kazi machinjoni Masasi, kazi yake kushika miguu ya mbuzi. Siku moja mbuzi aliyemshika akageuza kichwa akamlamba mkono, taratibu, akitafuta chumvi ya jasho, na kisu kikampata akiwa bado analamba. Alfani akanawa, akaondoka bila kudai ujira wake. Jioni ile alianza kusuka ule mkanda wa katani. Hakuwahi kuzungumza habari hii mara mbili.

Watu walimcheka, wakamwiga mavazi, wakamwachia sahani yake. Kisha Majaliwa akafa.

Alhamisi Majaliwa alikuwa amekwenda kupimwa kanzu. Alfani alimzungushia futi kifuani, mabegani, akampima na urefu, wakacheka pamoja. Jumapili Majaliwa akaanguka shambani asiamke. Siku ya tatu ya matanga mbuzi akachinjwa, bakuli likapita, na Alfani akalipitisha kwa jirani yake kama alivyofanya miaka yote. Kutoka nyuma kabisa sauti ikasema neno moja: "Ameshiba."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mchawi anayekula watu hana hamu ya mbuzi. Alimpima Alhamisi, amemaliza kazi Jumapili, leo ameshiba. Neno lile likateremka sokoni, likapanda kisimani, na wateja wakaanza kuchukua vitambaa vyao vikiwa nusu.

Lililomuumiza Mwanne kuliko yote ni mama yake, Bi Stamili. Marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Bi Stamili hakulisema lile neno hata siku moja, ila aliacha kumwitikia mkwewe. Kila asubuhi Alfani alisimama mbali kidogo na kizingiti, kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama." Kila asubuhi mama akageuza uso ukutani. Gauni la kuondolea msiba ambalo Alfani alimshonea, lenye vifungo sita vya mpingo, lilikaa juu ya sanduku likiwa limekunjwa vilevile.

Asubuhi ya arobaini, Alfani alipaka raba zake unga kama kawaida.

"Mama Fatu," akasema bila kuinua macho, "nitakula."

"Utakula nini?"

"Hiyo nyama yao. Kipande kimoja tu. Nikishuka Masasi, Fatu atakua bila baba."

Mwanne alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi akayameza. Alimpenda mume wake, lakini alimjua vilevile: uso wake haukujua kuficha kitu. Akijua, Bwanali atamsoma kabla bakuli halijafika mkekani. Kwa hiyo akajibu tu, "Sawa, Baba Fatu," na akaenda jikoni akijiona mkatili.

Maana mpango wake ulikuwa umeanza juzi. Akitoka kuteka maji bondeni alikuta uyoga mkubwa kwenye kichuguu, mwingi, mnene, akaujaza kwenye kanga. Aliuchana nyuzi nyuzi, akaukandamiza kwa jiwe usiku kucha ukatoa maji yote, kisha akachukua sindano na uzi wa kahawia wa mumewe akaushona. Ndiyo, akaushona, nyuzi za uyoga zimelala upande mmoja kama mnofu, vipande arobaini na zaidi. Akavikausha kwenye moshi, akavikaanga kwa mafuta ya ufuta, akavitia kwenye rojo la korosho na tui na pilipili. Halafu akakaa akitoa uzi, kipande baada ya kipande, kwa meno.

Alijaza chungu kizima kwa sababu alimjua na kaka yake pia. Bwanali hawezi kukaa mbali akatazama. Atataka kula sinia moja na Alfani, achovye bakuli lilelile, ahakikishe.

Beberu akachinjwa, wanawake wakampika kwenye sufuria kubwa uani. Mwanne akajitenga na chungu chake. Jirani yao Getrude, Mkristo aliyekuja kusaidia, akapita akafunua kifuniko, akanusa, akakoroga mara moja. Akamtazama Mwanne machoni.

"Hiki ni cha nani?" Getrude akauliza kwa sauti ya chini.

"Sinia la wakubwa. Mnofu mtupu."

Getrude akachukua pilipili mbili, akazipasua, akazitumbukiza chunguni. "Ongeza moto," akasema, akaenda zake.

Hitima ikasomwa. Dua ikaisha. Masinia ya wali yakatoka, na kama Mwanne alivyotabiri, Bwanali akamshika Alfani mkono akamketisha mbele yake, katikati kabisa, pamoja na Mwalimu Mahmudu aliyesoma dua. Masinia mengine yakaliwa kwa ncha za vidole. Watu walikuwa wamekuja kutazama. Wanawake wakajipanga mlangoni. Ndani, kwenye giza la chumba, Bi Stamili alikuwa ameketi juu ya mkeka wake wa msiba, na kupitia mlangoni aliona kila kitu.

"Shemeji," Bwanali akasema ili wote wasikie, "leo tunamaliza maneno. Huyu ni mbuzi wa mjomba. Kula."

Alfani akanyoosha mkono. Akachukua kipande, akakishika juu ya bakuli, mchuzi ukadondoka. Mtoto aliyekuwa analia akanyonyeshwa haraka. Machozi yakaanza kumtoka Alfani, wazi wazi, bila kujifuta, na Mwanne pale mlangoni akajiuma kidole asije akapiga kelele. Alitamani amwambie hata kwa jicho, lakini mume wake hakumtazama. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe.

Akatia kinywani. Akatafuna. Akameza.

Pumzi zikashushwa uwanja mzima. "Amekula!" mtu akasema, na mwingine akacheka kwa woga. Bwanali, ambaye nadhani alitarajia kufukuza mtu siku ile na sasa hana wa kumfukuza, akakunja uso, akachota kipande chake, akala. Akala cha pili. Cha tatu.

"Haya," akasema mdomo umejaa, "mbuzi mtamu. Dada leo umetupendelea, hata mfupa mmoja hakuna. Au siyo, mwalimu?"

"Laini sana," akaitika Mwalimu Mahmudu, akiongeza wali.

Mwanne akaanza kupumua. Kisha akamwona Bwanali ameacha kutafuna. Akapeleka vidole kwenye meno, akashika kitu, akavuta. Kikaja. Akaendelea kuvuta, na kitu kikaendelea kuja, kirefu, chembamba, cha kahawia, mpaka kikaning'inia mbele ya uso wake kikitoa matone ya mchuzi. Kila mtu aliyewahi kushonewa nguo na Alfani aliutambua ule uzi.

Alfani naye aliutambua. Ndipo alipoinua uso akamtazama mkewe.

"Mwanne!" Bwanali akanguruma. "Mbuzi gani huyu ana uzi?"

Sasa ndiyo mwisho wetu, Mwanne akawaza. Lakini akatoka mlangoni mpaka katikati ya uwanja.

"Siyo mbuzi. Ni uyoga. Nimeushona mimi. Alfani hakujua, alikula akidhani ni nyama, na mmeona alivyolia."

Makelele yakapanda. Bwanali akasimama, bakora mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. "Umetulisha uongo kwenye hitima ya mjomba? Basi ni kweli! Mnaficha nini nyinyi wawili?"

"Kaka, ulisema asiyekula mbuzi wa mjomba ameshiba kitu kingine." Sauti ya Mwanne ilifika kwa wote. "Wewe leo mbuzi wa mjomba hukula hata kidogo. Umekula vipande vitatu vya uyoga, na tumbo limekujaa. Mwalimu naye hali kadhalika. Niambie mbele ya watu hawa: wewe umeshiba nini?"

Bwanali akainua bakora. Mwalimu Mahmudu akautazama mkono wake wenye mchuzi, akauweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kuhesabiwa. Na bakora bado ilikuwa juu, na Mwanne alijua kaka yake akikosa neno hutumia mkono.

Ndipo Bi Stamili akatoka. Siku arobaini alikuwa hajavuka kizingiti mbele ya wanaume. Watu wakampisha. Akapita kando ya mwanawe kana kwamba hakuiona bakora, akainama penye sinia, akachukua kipande kwenye bakuli, akakitia kinywani akiwa amesimama. Alitafuna muda mrefu, macho yake kwa mkwewe, ambaye machozi yalikuwa hayajamkauka na unga wa muhogo ulikuwa umemwagika kutoka kwenye raba alizovua pembeni hadi mkekani.

Alfani hakujua la kufanya. Akafanya lile aliloligeuza kuwa kazi ya kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

Bi Stamili akameza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha, bila kugeuka, "Bwanali, kaa ule, chakula kinapoa. Na wewe Mwanne, kaniletee lile gauni langu."

Jua lilikuwa linazama Mwanne alipomkuta mume wake nyuma ya nyumba, amekaa chini, koti amelivua. Alidhani atamkuta anacheka. Uani huko mama yake alikuwa amevaa gauni lenye vifungo sita, na wanawake walikuwa wanamzunguka wakigusa vifungo.

"Umeninunia?" akauliza.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingelia. Na usingelia, wasingeamini."

Alfani akatikisa kichwa akikubali. Alikuwa ameufungua ule mkanda wa katani, ameuweka mapajani, na vidole vyake vilikuwa vinaufumua, suko baada ya suko, mpaka nusu yake ilikuwa imerudi kuwa nyuzi.

"Baba Fatu! Wauharibu kwa nini? Ulikula uyoga tu."

"Kinywa kilikula uyoga," akasema. "Mimi nilikula nyama, Mwanne. Nilishakubali. Yule mbuzi wa Masasi nilimwona kabisa, na nikatafuna."

Mwanne alikuwa ameuokoa mdomo wa mumewe, na kumbe zaidi ya mdomo hakuokoa kitu. Kile kingine Alfani alikwishakitoa mwenyewe, kwa ajili ya mkewe na Fatu, na hakuna uzi wa kukirudisha. Uchungu ukamjaa, na pamoja nao mapenzi mazito kuliko aliyowahi kuyajua.

Alfani akamaliza kufumua. Akazinyoosha nyuzi, akazigawa mafungu matatu, akatafuta pa kufunga ncha asipaone. Mwanne akakaa mbele yake, akazipokea zile ncha, akamshikia, na Alfani akaanza kusuka upya.