Jogoo wa Mama Kisilu

Nzisa alijua mambo yameharibika aliposikia jogoo akipiga kelele nyuma ya jiko.

Yeye na mwenzake Kitheka walikuwa wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja huko Kathiani. Chama chao cha historia kilikuwa kinatafuta wanajeshi wa eneo lao waliokufa vitani, ili majina yao yachongwe kwenye jiwe karibu na mlingoti wa bendera na kusomwa mbele ya jamaa zao. Jina la mwisho lilikuwa la Koplo Kisilu, aliyetoweka Somalia kambi yao ilipovamiwa. Mwili haukuonekana, na jeshi lilisema tu hajulikani aliko. Mwalimu Wathome, mlezi wa chama, mtu wa haraka kama maziwa yanayochemka, alisema ukimya wa miaka yote hiyo ni jibu tosha.

Walipofika kwake kumpa habari hiyo, mamake Kisilu hakuwauliza kilichowaleta. Kwake mgeni hakuhojiwa akiwa na njaa. Mgeni alikula kwanza, ndipo akaeleza. Lakini jogoo wa pekee hachinjiwi kila mtoto wa shule anayebisha hodi. Mama alikuwa amesikia jina la mwanawe likitajwa mlangoni, akaona karatasi mkononi mwa Kitheka, akajijazia yaliyobaki: mwanawe amepatikana. Alimnyonyoa jogoo huku akiimba.

Kitheka alikula. Huyo angekula hata mochari. Nzisa alijaribu kusema, mama akamwongezea mchuzi. Akajaribu tena, akaongezewa ugali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu mwenyeji alikuwa ameanza kupona mbele ya macho yao.

Vyombo vilipoondolewa, mama aliketi, akafuta mikono kwa leso.

"Haya, mwana wakwa, mwanangu. Sasa niambie."

Nzisa alimweleza kuhusu sherehe ya Ijumaa, na kwamba jina la Kisilu litasomwa. Neno "waliokufa" hakulitamka. Aliogopa, basi. Utamwambia nini mtu ambaye nyama ya jogoo wake bado iko kwenye meno yako?

"Na yeye mwenyewe?" mama akauliza.

"Mwaitu, mama yetu, sisi hatujui aliko."

"Watu wa jeshi watakuwa hapo?"

"Atakuja mmoja."

"Basi nitakuja."

Kesho yake Nzisa alimsihi mwalimu aliondoe jina lile. Mwalimu alisema maji yakimwagika hayazoleki. Jiwe lilikuwa limeshachongwa. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Aliahidi kwenda mwenyewe kumweleza mama ukweli wote. Alhamisi jioni alirudi na trei ya mayai aliyopewa na mama, na hakumtazama Nzisa machoni.

Ijumaa mama aliketi mstari wa mbele amevaa gauni lake la kanisani. Mapajani alikuwa ameshika shati la kiume, limepigwa pasi likanyooka. Kila jina liliposomwa, jamaa wa marehemu walisimama na kuweka ua kwenye jiwe. Nzisa ndiye aliyekuwa msomaji. Alipofika jina la mwisho alisita. Akiliruka, mama ataona mwanawe amesahauliwa. Akilisoma, atakuwa amemzika kwa mdomo wake mwenyewe. Alimtazama mwalimu, naye mwalimu akatazama viatu vyake.

"Koplo Kisilu," Nzisa akasoma.

Mama akasimama. Hakwenda kwenye jiwe. Alilikunjua shati, akaligeuzia jiwe mgongo, akatazama langoni. Watu nao wakageuka kuangalia anachokiangalia, hata yule mwanajeshi mwenye nishani, hata Nzisa, ambaye alijua hakuna mtu huko.

Mlinzi wa shule, kwa kuona macho yote yamemwelekea, alidhani amechelewesha mgeni. Akakimbia, akafungua lango wazi.