Siku ya Kumsifu Mama Paskalia Akiwa Hai

Tulianza kushuka mlima alfajiri, mama mkubwa mbele, mimi nyuma na mkoba wenye risala. Kila penye mteremko mkali alisimama, akalishika goti lake la kulia kwa mikono miwili, akalisubiri, kisha akaendelea.

"Leo ndiyo mwisho, Felista," alisema. "Wakishanisifu, basi. Hata chumvi utaninunulia wewe."

"Ndiyo, mama," nilijibu. Nilikuwa na la kumwambia, nikauhamishia mkoba bega la pili.

Mama Paskalia, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la wilaya pale Morogoro, mwaka 1951. Siku ya kwanza tarishi alimwambia akae nje, kwenye benchi la watu wenye kesi. Akakaa, akidhani ndivyo wajumbe wanavyofanya, mpaka walipokuja kumwita kikao kikiwa kimefika katikati. Tangu hapo alishuka kila mwezi, na kila mwezi akapanda. Kwa maneno yake wanawake wanaoshusha kabichi na njegere mjini walipata banda la kulala. Kwa maneno yake pia wenye watoto wachanga waliondolewa katika kazi ya kuchimba matuta ya ngazi, ambayo kila nyumba ya mlimani ililazimishwa kuifanya. Waume zao walimnunia mwaka mzima, maana sehemu ya wake zao ilibaki kuwa yao.

Sasa ilikuwa 1954, na baraza lilitaka kumshukuru hadharani. Risala niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nimetoka chuoni mwaka uliotangulia. Nilipompelekea karani wa baraza, Bwana Pazi, aipige chapa, aliongeza sentensi moja chini ya maneno yangu: kwamba Mama Paskalia amekubali kwa furaha kuendelea na kiti chake miaka mitatu mingine.

"Lakini hajakubali," nilimwambia.

"Atakubali. Nani anakataa mbele ya Bwana DC? Na akitoka yeye, Mwalimu, mwanamke mwingine tutamtoa wapi? Kiti kitarudi kwa wanaume, halafu mje mnilaumu mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Niliichukua risala, nikaondoka. Mimi jibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Uani kwa baraza watu walikuwa wengi, nusu yao wa kwetu juu, miguu myekundu kwa udongo. Bwana DC, mkuu wa wilaya, Mzungu, alikuwa amehamia Morogoro mwezi uliopita tu. Kiswahili alikijua, Kiluguru hapana. Mama mkubwa aliketishwa mbele kwenye kiti chenye mito. Nikasimama, nikaanza kusoma.

"Paza sauti, Mwalimu!" mtu alipiga kelele nyuma. "Au ni siri yenu nyie wawili?"

Wakacheka. Nilipaza kidogo. Nikasoma habari za banda, za matuta, za miaka mitatu ya kutembea. Nikaifikia ile sentensi ya mwisho. Ningeweza kuiruka. Nilijua kwamba ningeweza, na bado niliisoma mpaka nukta.

Mama mkubwa hakunitazama. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyedhani amefika juu akaambiwa kuna kilima kingine.

Ndipo Bibi Hidaya, mfinyanzi wa vyungu kijijini kwetu, alipojitupa chini katikati ya uwanja akalia kwa Kiluguru, mikono kichwani. "Paskalia wee! Umetuacha! Wamekuua kwa miguu! Leteni majembe tuchimbe, maiti asituozee hapa!"

Watu wa mlimani walivunjika mbavu. Ukoo wa Hidaya na ukoo wetu ni watani, na watani ndio wanaomfanyia mzaha marehemu wetu msibani bila mtu kukasirika. Sifa nyingi namna ile, kwetu, mtu husomewa akiwa amekwisha kufa.

"Mama huyu analia nini?" Bwana DC aliuliza.

"Anafurahi, Bwana," alisema Pazi upesi. "Ni desturi ya kushangilia."

Bwana DC akapiga makofi. Wengine wakamfuata.

"Si kweli," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini nilikuwa nimesimama karibu na Bwana DC. "Anasema mmemuua Mama Paskalia kwa kutembea. Na mama hajakubali. Sentensi ya mwisho si yake. Nimeisoma nikijua." Nikaiweka karatasi mezani.

Makofi yalikatika. Bwana DC akamgeukia mama mkubwa. "Ni kweli, Mama?"

"Bwana, nimechoka. Ningekuwa na neno zuri zaidi ningekupa."

"Na kiti?" Pazi aliuliza, na safari hii aliuliza kwa huzuni. "Wanawake wa mlimani nani atawasemea?"

Mama mkubwa alinyoosha kidole. "Huyo hapo chini. Ameshanililia, basi anirithi."

Hidaya akaketi wima. "Paskalia, usinifanyie hivyo! Mimi nafinyanga vyungu!"

"Mtani wangu, nakuomba. Mbele ya watu hawa."

Kwetu mtani akikuomba hivyo, hukatai. Angekuomba mbuzi ungemfungua.

"Sijui hata kusoma!"

"Kwani mimi nilijua? Utashuka na Felista, akusomee."

"Mshenzi wewe. Hata kufa hujui kutulia."

Bwana DC aliandika jina la Hidaya. Mimi sikuulizwa.

Tulipopanda, Hidaya alitangulia, akitutukana kila kona ya njia mpaka sauti yake ikapotea migombani. Penye mawe nilimpa mama mkubwa mkono, akaukataa.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Ulijua tangu lini?"

"Wiki nzima."

"Wiki nzima tumekula chungu kimoja." Akakaa juu ya jiwe. "Kesho hasira itakuwa imekwisha. Leo niache nipumue."

Nikakaa chini yake kidogo, nikamkanda goti. Hakulivuta. Tulikaa pale mpaka kivuli cha mlima kikatufikia, kisha akanipa mkono nimwinue.