Uyoga wa Rågsved

Mueni alikuwa na ukurasa mtandaoni uliowafundisha watu wa Afrika Mashariki kuishi Stockholm bila kufilisika. Alionyesha duka gani hushusha bei ya mkate jioni, feri gani hupandwa kwa tiketi ileile ya treni, na kisiwa gani mtu anaweza kwenda na chapati zake mfukoni akashinda huko kutwa. Siku za kazi aliwahudumia wazee majumbani mwao huko Farsta, akiwaogesha, akiwapashia chakula na kuwakumbusha dawa. Yeye na mume aliyemleta kutoka Machakos walikuwa wameachana kabla mwaka wa tatu haujaisha, na ukurasa ule ndio uliomtoa upweke. Watu walimsimamisha stesheni wakamwita mwalimu. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, baada ya ibada, aliwapeleka watu kumi na mmoja kuchuma uyoga katika msitu ulio nyuma ya majengo ya mtaa wa Rågsved. Sweden mtu haulizwi anafanya nini msituni, na anachochuma ni chake. Yeye mwenyewe aliujua uyoga wa aina moja tu, ule wa manjano ambao Waswidi huuita kantarell. Alifundishwa na ajuza mmoja aliyemhudumia, na ajuza huyo alimwonya kwamba asioujua kwa jina auache pale pale ulipoota. Onyo hilo Mueni aliwapa wenzake siku ile, kwa haraka, akitafuta pembe nzuri ya kamera.

Kati ya waliokwenda alikuwamo Xavérine, mama wa Kirundi wa miaka sitini na miwili, mpishi wa shule ya chekechea, pamoja na mumewe Vénant aliyestaafu kwa sababu ya mgongo. Walikuwa wameishi Rågsved miaka kumi na tisa na hawakuwahi kuingia msitu ule zaidi ya hatua mia. Vénant alitembea nyuma ya mkewe akimtania kwamba amerudi kuwa msichana wa kwao Gitega.

Chini ya misonobari, mahali palipofunikwa na majani mafupi laini ya kuvumwani yaliyolowa, Xavérine aliona uyoga mweupe pe, mrefu, wenye kofia laini kama yai lililomenywa. Akapiga magoti. Aliukata mmoja kwa kisu, akaunusa, akasema kwamba kwao, mvua za kwanza zikinyesha, uyoga mweupe kama huu huota kwenye vichuguu, na mama yake alikuwa akiupika kwa mawese. Kisha akaunyanyua kumwelekea Mueni.

"Mwalimu, huu je? Huku wanaula?"

Simu ya Mueni ilikuwa inarekodi. Angeweza kusema hajui. Lakini mwanga ulikuwa mzuri, uso wa yule mama ulikuwa na furaha, na watu wengine walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Kama kwenu mnaula, hapa pia unalika," alisema. "Ardhi yote ni ya Mungu mmoja."

Watu walicheka. Xavérine akajaza mfuko wake.

Alasiri hiyo Mueni alikwenda nyumbani kwa wazee hao, ghorofa ya tatu, akamrekodi Xavérine akikaanga vitunguu kwenye mawese, akitia uyoga na unga wa karanga, na kusonga ugali pembeni. Walimbembeleza angoje wale pamoja. Lakini zamu yake ya jioni ilianza saa kumi, akaondoka sahani zikiwa bado hazijapakuliwa. Xavérine mwenyewe alikula kidogo, kwani Ijumaa alikuwa ameng'olewa jino na fizi ilimuuma. Vénant alikula sahani mbili.

Jioni hiyo hiyo Mueni aliiweka video. Jumatatu, akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo moja la Farsta kati ya mzee mmoja na mwingine, alifungua simu kusoma maoni. Watu walisifu mapishi. Mtu mmoja alisema amelia kwa kumkumbuka bibi yake. Chini kabisa kulikuwa na maneno ya mwanamke asiyemjua, aliyejiita Séraphine. Aliandika kwamba uyoga ule mweupe unaua, kwamba kila vuli watu wageni nchini huuchuma kwa sababu unafanana na wa kwao, na kwamba wale wazee wapigiwe simu sasa hivi na wapelekwe hospitali hata kama hawaumwi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mueni alitafuta picha. Alikuta kofia ileile nyeupe, ule utando unaozunguka shina, na shina linalotoka kwenye mfuko uliojificha ardhini. Akasoma kwamba sumu hukaa kimya nusu siku, halafu mtu hutapika na kuhara, halafu hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuyafuta maneno ya Séraphine. La pili, akaifuta video. Ndipo akampigia Xavérine, na simu haikupokewa. Akamwandikia ujumbe mfupi akiuliza wameamkaje. Jibu lilifika saa sita: wametapika na kuhara tangu alfajiri, wote wawili, mumewe baba Annick zaidi, labda ni samaki wa Jumamosi, lakini sasa wanapata usingizi kidogo.

Aliusoma ujumbe ule tena. Alijiambia kwamba huenda ni samaki kweli. Alijiambia kwamba picha za mtandaoni hudanganya. Alichojua, na hakutaka kukitazama usoni, ni kwamba akiwaambia waende hospitali ataulizwa amejuaje, na baadaye kila mtu atasikia sauti yake kwenye video ikimtaja Mungu. Akaandika: "Poleni sana mama. Mnywe maji mengi."

Jumanne Xavérine alimpigia mwenyewe. Alisema wameamka vizuri, Vénant amekunywa uji na ameomba redio. Mueni alikaa kwenye kitanda chake huko Bredäng akalia kwa shukrani. Alimwambia Mungu kwamba hatarudia tena. Ile habari ya nafuu ya uongo aliisukuma mbali, kama mtu aliyeshiba anavyosukuma sahani.

Jumatano asubuhi macho ya Vénant yalikuwa ya manjano, na alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Binti yao, Annick, aliyekuwa fundi wa meno, aliacha kazi akaja kuwachukua wote wawili. Saa tano alimpigia Mueni kutoka hospitali. Alizungumza Kiswidi, kama alivyozoea kufanya na kila mtu isipokuwa akilazimika. Alisema mama ametaja uyoga, madaktari wanataka kujua ni uyoga gani, na ile video haionekani. Je, anayo?

Mueni alisema atatafuta. Alijifungia chooni kwa mzee aliyekuwa akimhudumia, akaifungua video kwenye simu, na akaitazama hadi pale Xavérine anapoinua mkono. Akakata picha moja tu, ya uyoga mkononi, bila sauti. Akaituma. Annick akamshukuru.

Vénant alifariki Jumamosi mchana. Daktari alimwambia Annick kwamba mzee angeletwa siku ya kwanza, alipoanza kutapika, wangekuwa na la kufanya, kwani katika sumu ile saa moja ni kitu kikubwa. Xavérine, aliyekula kidogo, ini lake liliyumba kisha likatengemaa. Alikaa wodini siku ishirini na moja, na mumewe alizikwa yeye hayupo.

Makaburini ndipo maneno yalipoanza. Gilles, mdogo wake Vénant, hakupaza sauti. Aliuliza tu, mbele ya watu wa kanisa, inakuwaje mpishi wa miaka yote asijue anachopika, na inakuwaje mke aonje kijiko na mume ale sahani mbili. Kufikia Jumapili iliyofuata wanawake waliokuwa wakienda kumwona Xavérine hospitali walikuwa wamepungua. Kufikia iliyofuata tena, Annick alikuwa akienda peke yake. Mueni aliyasikia yote. Aliketi katikati ya kanisa huku wanawake wawili nyuma yake wakisemezana kwamba ndoa ile haikuwa na amani siku nyingi, naye hakugeuka.

Alikwenda Rågsved mwanzoni mwa Oktoba. Jirani alimwelekeza chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Xavérine alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya mashine mbili zilizokuwa zikizunguka, amekonda, shali mabegani. Alikuwa akifua vitambaa vya meza kwa ajili ya siku ya kumaliza matanga, ambayo ilikuwa Jumamosi inayofuata katika ukumbi wa kanisa.

Mueni alisimama. Alisema amekuja kuhusu video. Alisema sauti yake imo, kwamba yeye ndiye aliyesema uyoga unalika.

"Najua," Xavérine alisema. "Nilikuwepo."

"Mbona hukuwaambia, Mama Annick? Gilles anasema maneno mabaya."

"Ningewaambia nini? Wewe ni mtoto wa Kenya, hukuwahi kuuona uyoga wa kwetu. Mimi ndiye niliyeutazama nikauona ni wa mama yangu." Alipangusa mikono kwenye shali. "Uliniambia neno la ujinga, nami nikalipenda. Hilo nimekusamehe nikiwa kitandani."

Hapo Mueni angeweza kuondoka. Msamaha alikuwa ameshapewa, na hakuna mtu duniani aliyejua la zaidi. Alishika ukingo wa meza ya kukunjia nguo.

"Kuna jingine," alisema. "Jumatatu nilijua. Mtu aliniandikia kwamba ni sumu, kwamba niwapigie mwende hospitali. Nikafuta. Halafu nikakwambia mnywe maji."

Xavérine aliuliza bila kumtazama.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne." Alilirudia polepole, kama mtu anayehesabu kitu ndani ya kabati lenye giza. "Saa nne baba Annick alikuwa amekaa sebuleni. Alikuwa anavaa soksi. Alitaka twende kwa daktari, mimi nikamwambia tungoje tuone."

Mashine moja ikasimama. Akainuka, akafungua mlango wake, akaanza kutoa vitambaa. Mueni alinyoosha mkono kumsaidia, na Xavérine akausogeza kando mkono ule bila ukali.

"Hilo sina la kulifanyia," alisema. "Uje Jumamosi uwaambie wao. Mimi siwezi kumwambia mwanangu kitu kama hicho. Utamwambia wewe."

Jumamosi ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Palikuwa na maharage, ndizi, sambusa, na vinywaji mezani juu ya vitambaa vile. Baada ya sala mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno la kumkumbuka marehemu. Mueni alisimama karibu na mlango. Alisema kwa Kiswahili, bila kupamba, jinsi Xavérine alivyouliza na yeye alivyojibu. Akasema habari ya Jumatatu, saa, maneno aliyoyafuta, na ujumbe wa maji. Akataja na ile picha isiyo na sauti.

Annick alimwambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, atoke.

"Mwache amalize," mama yake alisema.

Gilles alikuwa ameweka sahani yake sakafuni. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ulijua, na kaka yangu bado alikuwa hai?"

"Nilijua."

Mtoto mmoja aliomba soda, akanyamazishwa. Gilles alimtazama shemeji yake upande wa pili wa chumba, akainamisha kichwa. Xavérine aliinuka, akakusanya vikombe vilivyokwisha tumika, akaenda jikoni, na mlio wa maji ya bomba ukasikika. Mwanamke mmoja, kati ya wale wawili wa kanisani, alimfuata ndani, halafu mwingine, halafu wa tatu.

Mueni alingoja akidhani kuna jambo litakaloamuliwa. Halikuamuliwa. Watu walimpisha njia, akatoka, akashuka mpaka stesheni. Jumatatu Annick alipeleka habari za Mueni polisi. Walimsikiliza, wakaandika, na majuma kadhaa baadaye wakamwandikia kwamba hawataendelea na shauri hilo. Barua hiyo aliipiga picha akamtumia Mueni bila neno lolote.