Zamu za Mfereji

Kikundi kilianza na watu ishirini na wawili, kila mmoja na hasira zake. Kiwanda cha ngozi kilikuwa kikimwaga maji machafu kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba zao, na watoto waliochezea humo walitoka vidonda miguuni, mjukuu wa Mama Vifungo akiwa mmoja wao. Ofisi ya afya ikawaambia: leteni kumbukumbu ya siku tisini mfululizo, saa na rangi ya maji, bila kuruka hata siku moja. Wakanunua daftari, wakagawana zamu, wakapiga makofi sana. Makofi hayamchoshi mtu.

Kufikia mwezi wa pili walibaki wawili. Kinyozi alihama. Mwalimu alipata uhamisho. Fundi bomba, mwenyekiti mwenye maneno makali kuliko wote, aliajiriwa na kiwanda chenyewe. Wengine hata hawakuaga; walianza kwa kuchelewa, wakaja na udhuru, mwisho wakawa wanapitia njia ya pili ili wasionekane. Akabaki Mama Vifungo, mshonaji, na shoga yake mpishi wa shule, wakipokezana siku mbili mbili.

Mwanzoni Mama Vifungo alikuwa akirudi kutoka mferejini akitetemeka, hata sindano ikamchoma kidole. Siku hizi alikaa juu ya ndoo, akaandika "meusi", akaenda zake kushona. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akiukuta mwandiko wa mpishi kwenye daftari, na yeye anakaa, basi.

Ijumaa ya siku ya themanini na nane, fundi bomba alimletea suruali ya kupunguza urefu. Daftari lilikuwa lipelekwe Jumatatu.

"Shemeji, mbona umekonda?" alimtania. "Mimi nanenepa tu. Jumanne na Jumatano tulilala. Mtambo uliharibika, hata tone halikutoka."

"Hata tone?"

"Mfereji ulikauka mpaka vyura wakahama."

Mama Vifungo alimpima, akabana pini, akamuaga. Ndipo akafungua daftari. Jumanne: "Meusi, harufu kali." Jumatano: "Meusi zaidi." Mwandiko wa mpishi, mzuri, umenyooka.

Kiwanda kinazijua siku zake za kulala. Wenye kiwanda wakiisoma mistari hiyo miwili mbele ya ofisi ya afya, daftari zima linageuka uongo. Mama Vifungo alilijua hilo vizuri, na bado hakusikia chochote kifuani. Akalibeba mpaka jikoni shuleni.

Mpishi aliliona daftari limefunguliwa, akaacha kukoroga.

"Tangu lini?" Mama Vifungo aliuliza.

"Mwezi sasa. Nikitoka hapa miguu haitaki, dada. Naandikia nyumbani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeacha." Mpishi alijifuta mikono taratibu. "Nakujua mimi. Ulikuwa unakaa pale kwa sababu yangu. Ungekuta siku moja tu haijaandikwa, na wewe ungefunga daftari."

Mama Vifungo alitafuta hasira, akaikosa.

"Twende," alisema.

Waliketi ukingoni, mmoja juu ya ndoo, mwingine juu ya jiwe, aproni ikiwa bado kiunoni. Mama Vifungo alichukua kalamu, akarudi nyuma mwezi mzima, akikata kila siku ya mpishi na kuandika pembeni: "Hakuna aliyekuja." Mpishi alitazama bila kumzuia. Siku tisini zikaishia hapo, na Mama Vifungo akaona ni sawa na kufumua mshono. Angalau siku zake mwenyewe zilikuwa za kweli.

Mpishi aliinama juu ya maji. Hakuwa ameyatazama kwa mwezi mzima.

"Kumbe siku hizi ni ya kijani?"

Mama Vifungo akainua macho. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na ukingoni yaliacha alama za kijani kavu zilizopandana, za siku nyingi. Asubuhi ileile, akiwa amekaa palepale, alikuwa ameandika "meusi".

Yalibadilika lini, hakujua.

Akarudisha kalamu kwenye karatasi, akaanza kukata na siku zake.