Komeo la Pili

Pigo la kwanza la shoka lilidunda. La pili lilitoa kibanzi chembamba kama ukucha, na kabla hajainua mikono tena, seremala akajua mlango ule hautapasuka. Angekosaje kujua? Aliutengeneza mwenyewe.

Ndani, binti yake wa kwanza alikuwa akilia. Kikasikika kishindo cha kitu kilichobamizwa ukutani, na kilio kikakatika.

"Fungua, mshenzi wewe!" seremala alinguruma. "Fungua nikuue!"

"Utaniuaje ukiwa nje, baba?" mkwewe alijibu kutoka ndani, anahema kama mtu aliye kazini. "Si ulisema hata jeshi haliingii humu?"

Alisema, tena kwa kinywa kipana. Binti alipoolewa, watu walileta masufuria na mashuka, yeye akaleta mlango. Mbao nene za mti mgumu unaomaliza meno ya msumeno, bawaba zilizofichwa ndani ya fremu, na upande wa ndani komeo la chuma. Seremala huyu alikuwa mtu wa kazi toka jua linapochomoza. Watoto wanne aliwalisha, akawavisha na kuwasomesha kwa randa, wala hakuwahi kumwinulia mkono hata mmoja wao. Maneno matamu hakuyajua. Akimpenda mtu alimtengenezea kitu, na huyu binti alimpenda kupita kiasi.

Kisha siku moja binti akaja karakana, akasimama katikati ya maranda, mtandio ameuzungusha mpaka kidevuni na joto lile.

"Baba, lile komeo la ndani. Naomba uje ulitoe."

"Limekwama?"

"Halijakwama."

"Linapiga kelele?"

"Hapana, baba. Litoe tu."

Basi mzee wa watu akaumia. Wateja walikuwa wakimbembeleza awatengenezee mfano wa mlango ule, na leo mwanawe wa kumzaa anaukosoa! Aliliwaza komeo, shingo iliyofunikwa hakuiwaza. Usiku kucha akajigeuza kitandani, mkewe akimuuliza kulikoni, na kulipokucha akawa amejipa jibu: binti anaona aibu kusema kwamba komeo moja halimtoshi, anaogopa wezi.

Akaenda na komeo la pili, refu kuliko la kwanza, akalifunga chini ya mlango. Yote mawili akayapaka grisi mpaka yakateleza kimya kimya. Mkwe alimshikia skrubu, meno yote nje. "Ahsante sana, baba. Sasa tutalala salama." Binti alileta chai, na kikombe kikacheza juu ya kisahani njia nzima. Seremala akaona kikombe kidogo tu cha chai, akanywa, akaaga, akarudi kazini anapiga mluzi.

Leo mchana ndipo jirani wa binti alipoingia karakana mbio, kiatu mguu mmoja. "Anamuua! Leo anamuua kweli!"

"Leo?" seremala aliuliza, na neno lile likamchoma kabla hajalimaliza. Kumbe ziko siku nyingine. Alinyakua shoka akatoka, na nyuma yake akatoka rafiki yake mwashi, aliyekuwa amekuja kupiga soga, akikokota nyundo yake kubwa.

Na sasa shoka linadunda. Dirisha lina nondo, mlango wa nyuma hakuna, na ndani binti halii tena. Majirani wamejaa uani, wanapiga kelele za kumwomba Mungu.

"Acha mlango!" mwashi alimshika bega. "Piga ukuta."

"Ukuta?"

"Hapa, ubavuni mwa fremu. Si mimi niliyeujenga?"

Huyu mwashi mtaa mzima walimwita Nusu Mfuko, na jina hilo alilipachikwa na seremala mwenyewe. Miaka nenda rudi alimtania kwamba ana mkono wa birika, kwamba anapaka saruji kama mtu anayepaka siagi ya kuazima. Naye kila mara aliapa kwa mbingu na ardhi kwamba ni uzushi mtupu. Leo hakuapa.

"Saruji niliila," alisema, macho chini. "Piga!"

Hakungoja. Nyundo yake ilitua ukutani na tofali zima likazama ndani. Pigo la pili likaangusha matatu. Hapakuwa na saruji pale, palikuwa na mchanga uliojipaka rangi ya saruji. Seremala alitupa mikono yake ndani ya tundu akayang'oa matofali kwa kucha, zikachanika, hakuhisi chochote. Akajipenyeza kwa bega na vumbi lote, shoka mkononi.

Binti alikuwa chini kando ya kitanda, jicho moja limefumba, taya limekwenda upande, vidole vya mkono wa kushoto vimekaa jinsi visivyotakiwa kukaa. Mumewe alisimama juu yake na mguu wa stuli, na mguu ule ulikuwa mwekundu.

Mkwe ndiye aliyewahi. Alimtwanga seremala sikioni, dunia ikavuma. Pigo la pili lilimpata begani. Kwa la tatu seremala alishainama, akazungusha kisogo cha shoka, na goti la mkwe likalia kama ubao mkavu. Mtu mzima akaanguka anamwita mama yake. Seremala alimkanyaga kifuani, akaligeuza shoka upande wa makali, akaliinua juu kabisa. Moyoni mwake hamkuwa na huruma hata tone, tena alijisikia vizuri.

Mwashi, aliyepenya nyuma yake, alilidaka lile shoka na kuning'inia nalo kwa uzito wake wote. "Mwache! Ukishafungwa, mtoto atapelekwa hospitali na nani?"

"Baba," binti alisema. Lilikuwa neno moja lenye damu, lakini alilisema.

Shoka likaanguka. Seremala akapiga magoti amnyanyue. "Njoo, mama. Njoo nikubebe, tundu linatosha."

Binti alimsukuma mkono. Akasimama kwa kushika kitanda, kisha ukuta, akalipita lile tundu pana lenye mwanga na watu wanaomwita, akaenda mlangoni. Kwa mkono uliobaki mzima akavuta komeo la juu. Akainama polepole sana, akavuta la chini. Yote mawili yaliteleza bila sauti, grisi ya baba yake ingali mbichi. Mlango ukafunguka kwa kidole, umekaa sawasawa, hauna alama ila pale kilipotoka kile kibanzi.

Pale kizingitini aligeuka.

"Sasa yatoe."

Majirani walimpokea, gari likawa linatafutwa, na wanaume wengine waliingia kumfunga mkwe kamba. Seremala alichutama mbele ya mlango, akatoa bisibisi isiyomtoka mfukoni, akaiweka kwenye skrubu ya kwanza. Haikugeuka. Akajaribu ya pili, akaegemeza mwili mzima, damu ya sikioni ikimdondokea mkononi, machozi yakimziba macho. Nayo pia ilikataa. Alikuwa amezikaza vizuri mno.