Kanga ya Hospitali

Ngumi sizipendi, nalisema mapema. Mtoto wa kike nimempeleka kwaya, nimemsubiri nje ya kanisa miguu ikiganda kwa theluji, halafu anakuja kuniambia anataka kupigana! Na ngumi za Kithai si ngumi tu. Kuna mateke, kuna magoti, kuna viwiko. Chochote kilicho kigumu mwilini kina kazi yake. Mama yake, Tereza, alicheka tu. "Mwache, baba Kamila. Angalau saa hizo hashiki simu."

Tereza alifariki mwezi wa pili, kwa saratani. Baada ya arobaini dada yangu Olivia alikuja kwetu mtaa wa Alby, huku ughaibuni, kutoka mtaa wa Skärholmen, akafungua kabati, akagawa nguo za marehemu kwa ndugu na marafiki kama ilivyo desturi yetu. Kanga zote zikaenda, isipokuwa moja. Ile aliyojifunika hospitalini hadi siku ya mwisho niliificha. Niliitia kwenye mfuko wa nailoni, nikapiga fundo, nikauweka chini ya mto. Nikizidiwa nilifungua kidogo, nikavuta pumzi moja, nikafunga haraka ili asitoke. Mafuta ya nazi, iliki, na yeye mwenyewe. Mtu mzima na mvi zangu nalala na mfuko! Ndiyo maana sikumwambia mtu.

Majira ya baridi yalipokaribia tena, Kamila akapangiwa pambano lake la kwanza.

"Pappa," aliniambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili anakisikia lakini kukisema ni shughuli, "kuna nguo yoyote ya mama iliyobaki?"

Akanieleza. Mwalimu wake ni mzee wa Kithai anayeitwa Prasong, na wanafunzi wote humwita Kru, yaani mwalimu. Huyo Kru amewasimulia kwamba mchezo ule ulianzia vitani. Askari wa kale wa kwao, kabla ya kuondoka, alipewa kipande kilichochanwa kwenye nguo ya mama yake, akakifunga mkononi ili mama awe naye huko anakokwenda. Mpaka leo wapiganaji hufunga kitambaa cha namna hiyo juu ya kiwiko. Wengi hununua dukani.

"Mimi cha dukani sitaki," alisema. "Siku shangazi alipogawa nilikuwa mazoezini. Hakuna aliyeniuliza."

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi baba yake sikumuuliza. Neno "hakuna" lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini uso ule ni Tereza mtupu, na Tereza sijawahi kumweza. Nikaenda chumbani, nikamletea kanga ndani ya mfuko wake.

"Hii ilikuwa ya hospitali," nilisema. "Chana upindo tu. Iliyobaki nirudishie."

Baba gani ataanza kumweleza bintiye habari za kunusa?

Kesho yake niliporudi kutoka kazini niliikuta kanga kitandani kwangu, imekunjwa, imepigwa pasi. Ilinukia sabuni ya maua. Kamila alikuwa amempigia shangazi yake kuuliza utaratibu, na Olivia akamwambia kama tulivyofundishwa sote: nguo ya marehemu haivaliwi kabla ya kufuliwa. Mtoto akashuka chumba cha kufulia cha jengo, akaizungusha kwa maji moto. Miaka yote namhimiza afuate mila zetu, na siku aliyozifuata ndiyo hiyo.

Nilifunga mlango nikazamisha uso kwenye ile kanga, nikatafuta pembe hadi pembe. Hakuwepo. Nililia bafuni nikiwa nimefungulia bomba ili nisisikike. Maji yakimwagika hayazoleki. Mezani nilimwambia Kamila asante kwa kupiga pasi.

Pambano lilikuwa Jumamosi mchana, ukumbini Hallonbergen. Olivia alikaa kando yangu na rozari yake. Nilidhani watoto wataingia na kurukiana tu, lakini mlangoni Kru alikuwa ameniambia kwamba kwanza huinama. Spika zilitoa sauti ya zumari na ngoma. Kamila aliingia amevaa utepe mnene kichwani, ambao Kru mwenyewe ndiye humvisha na kumvua, na kitambaa cha kanga kimefungwa mkono wa kushoto. Akazunguka ulingo polepole akigusa kamba kila kona. Kisha akapiga magoti katikati na kuinama.

"Kaka," Olivia alininong'oneza, "anamsujudia nani huyu?"

Swali hilo nilikuwa nimemuuliza Kru mlangoni kwa ukali, na alinijibu kwa upole: waliomzaa, waliomfundisha na waliotangulia.

"Mama yake," nilimwambia Olivia. Rozari ikamlalia mapajani.

Aliinama mara tatu. Mara ya tatu hakuinuka. Aliuweka uso juu ya mkono ule wenye kitambaa, akakaa hivyo hadi mwamuzi akamtazama Kru. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu kabla hajapigwa hata ngumi moja. Akapigana vibaya, akashindwa kwa pointi.

Nilimkuta koridoni, anafungua kitambaa kwa meno.

"Baba," alisema, na si pappa. Kiswahili chake kilitoka kwa kujikwaa. "Pale chini mimi nilitafuta mama. Nilinusa. Sabuni tu. Mimi nimefua mama, baba. Nimemtoa."

Nilitaka kumwambia naam, umemtoa, na mimi nilikuwa sina mwingine.

"Hapana," nilisema. "Mimi niliinusa kabla sijakupa. Ilikuwa na harufu ya dawa za hospitali tu. Yeye alikuwa ameshaondoka zamani."

Alinitazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa limevimba. "Kweli?"

"Kweli."

Akaniegemea, akalia kwa sauti kama siku ya mazishi. Aliponyamaza nilikichukua kile kitambaa, nikamfunga tena mkononi kwa fundo gumu. Nikamwambia avae koti, nje kuna baridi.