Dakika Saba Zisizo na Picha

Bibi harusi alikuwa ameganda tena. Kijiko cha keki kimefika mdomoni, jicho moja limefumba, na kompyuta haitaki kwenda mbele wala kurudi nyuma. Bi Kamera akaipiga kibao cha ubavuni, kibao cha kiasi, kama mtu anayemwamsha mpwa mvivu. Keki ikaingia.

"Hongera, mwanangu," akamwambia bibi harusi. "Wenzio hukaa hapo mpaka jioni."

Mita ya umeme ilikuwa inalia pii-pii ukutani tangu alfajiri. Bei ya umeme ilikuwa imepanda mara mbili mwaka ule, na chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha. Zamani kilikuwa saluni. Masinki mawili ya kuoshea nywele bado yalikuwapo. Basi mama wa watu alifanya kazi taa imezimwa, kwa mwanga wa skrini tu, akiwaozesha watu gizani.

Miaka ishirini na mbili ya kupiga video za harusi ilikuwa imemfundisha sheria moja: usizime kamera. Ukizima tu, ndipo shangazi anapoingia na zawadi kichwani, na shangazi asiyeonekana kwenye video ni kesi ya ukoo mzima. Kwa hiyo kamera yake iliwashwa mgeni wa kwanza akifika, ikazimwa sahani ya mwisho ikishaoshwa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Miezi mitatu nyuma alikodiwa na wenye bwawa la pomboo, lile la mwisho wa barabara ya lami, ambako watu hulipa kiingilio waone pomboo wawili wakiruka ndani ya pete. Walitaka tangazo la dakika tatu. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaiwasha, akaenda kunywa chai. Kamera haikunywa chai. Ilikaa pale siku nzima, na kesho yake tena, ikaona.

Iliona ndoo ya samaki ikifichwa tangu jana yake, maana pomboo aliyeshiba haruki. Iliona vidonge vya tumbo vikishindiliwa ndani ya dagaa. Iliona maji yenye dawa kali, mpaka macho ya wale viumbe yamevimba kama ya mkata vitunguu. Na katika yote hayo iliwaona wanacheka, kwa sababu taya la pomboo limeumbwa likicheka. Hata akifiwa na mamaye, atakwenda msibani anacheka.

Tangazo lao akawapa. Yaliyobaki akayashona mwenyewe usiku na mchana, yakawa filamu ya dakika arobaini, akaiita *Anacheka*. Leo saa kumi alasiri ingeonyeshwa ukumbi wa jamii, bure. Kilichokuwa kimebaki ni kibali.

"Hodi!"

Harufu ya samaki iliingia kwanza, kisha mabuti ya mpira, kisha mwenyewe: Ndoo, mlishaji wa pomboo, mume wa mdogo wake. Mtu huyo alinuka samaki kiasi kwamba paka wa mtaa walimsindikiza kazini kama askari wa mheshimiwa.

"Shem, shikamoo ya haraka. Nasikia ni leo. Mimi humo nimetoka?"

"Umetoka."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka wazi, shemeji."

Akamwekea. Dakika ya kumi na nne mpaka ya ishirini na moja: jike anagonga kidevu kwenye ukuta wa saruji, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ndoo anarudisha samaki kwenye friza. Jike anainua kichwa, anaachama. Ndoo anamfunulia viganja vitupu: "Hakuna, mama. Bosi amesema hakuna." Kisha anageukia ukutani, anavua kofia, anajipangusa nayo uso mzima.

Ndoo aliitazama skrini mpaka ikatulia.

"Sikujua kama nafanya vile na kofia," akasema.

"Ulifanya mara mbili. Jana yake pia."

"Shem, sikiliza. Mdogo wako anauza kofia za karatasi pale getini. Mimi nikifukuzwa kazi, naye getini hatakanyaga. Tutakula nini, sifa? Nikate humo."

"Nikikukata wewe, kitabaki nini? Maji?"

"Maji yanatosha. Watu wanapenda maji."

Bi Kamera akacheka. Alimpa chai. Ndoo akainywa amesimama, akaondoka, na paka wawili nyuma yake.

Kwenye ofisi ya vibali alikaa benchini saa mbili na nusu, maana afisa alikuwapo, fomu zilikuwapo, ila mwenye ufunguo wa kabati la wino alikuwa ametoka kidogo. Afisa mwenyewe mjini walimwita Muhuri. Muhuri wake aliufunga kamba shingoni kama filimbi ya refa, na ilisemekana hata kitandani huuvaa, asije mkewe akajipitishia kitu. Chini ya kioo cha meza yake zilipangwa tiketi za bure za bwawa la pomboo, za familia nzima, za mwaka mzima.

"Filamu yako nimeitazama, mama," akasema. "Nzuri. Ila inahuzunisha."

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Sasa umma hauwezi kuhuzunishwa bila utaratibu."

"Utaratibu wake ukoje?"

"Haupo. Ndiyo maana nakusaidia." Akachukua kalamu, akaandika huku akitamka kila neno: "Picha zote, kuanzia dakika ya kumi na nne hadi ya ishirini na moja, zisionekane." Akamtazama juu ya miwani. "Ikionekana hata moja, nafunga ukumbi. Nitakuwapo mwenyewe, na saa mkononi."

Wino ukaja, muhuri ukagongwa. Bi Kamera akatoka na karatasi yake juani. Aibu ilioje! Moyo ulikuwa mwepesi. Serikali ilikuwa imemkata shemeji yake kwa kalamu, kazi ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa unaikimbia tangu asubuhi. Mdogo wake angeendelea na kofia zake, Ndoo na ndoo yake. Na yule jike angeendelea kubisha hodi.

Alipofika chumbani ilikuwa saa nane na nusu. Kuzikata zile dakika saba na kuunga upya filamu nzima, kompyuta ile ingehitaji saa tatu na vibao kumi. Kuzifunika picha kwa weusi mtupu, robo saa. Hapakuwa na la kuchagua, akafunika. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha sauti. Kikasita. Akaichukua karatasi ya afisa akaisoma tena, polepole, kama fundi cherehani anayesoma vipimo vya mteja mkorofi. Picha. Imeandikwa picha. Akakirudisha kidole, akanawa mikono kwenye sinki la saluni, akafunga mzigo wake.

Ukumbi ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa jirani. Bila kuambiwa na mtu, watu walikuwa wamegawanyika kama kwenye harusi, wa bwana upande huu, wa bibi upande ule. Kulia walikaa wanaoishi kwa bwawa: muuza barafu, mwenye nyumba ya wageni, wauza vinywaji, na mdogo wake Bi Kamera, mikono kifuani, kofia ya karatasi yenye pua ya pomboo kichwani kama bendera. Mbele yao meneja wa bwawa, shati jeupe pe. Kushoto walimu, wauguzi, wanafunzi, na wale wanaokwenda popote palipoandikwa bure. Ndoo alisimama nyuma karibu na mlango, na mabuti yake. Muhuri alikaa katikati, saa mkononi.

Dakika ya nane tu, wakaanza.

"Kwani pomboo amekwambia ana huzuni?" muuza barafu akapaza sauti.

"Wewe amekwambia ana furaha?" muuguzi akamrudishia.

"Si anacheka huyo!"

"Karani wa benki naye anacheka! Mkopeshe uone!"

Ukumbi ukaangua kicheko, pande zote mbili. Lakini muuza barafu hakukaa. "Haya, tucheke. Bwawa likifungwa, barafu nimuuzie nani? Hao wakirudishwa kwao baharini, mimi nirudishwe wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza yule, na kila mtu alijua.

Dakika ya kumi na nne, skrini ikawa nyeusi tii.

"Umeme huo!" watu wakaitika kwa mazoea, wakaanza kupapasa simu zao.

Kisha wakasikia. Du. Kimya. Du. Kimya. Du. Maji yakipiga ukuta. Filimbi nyembamba, ndefu, inayopanda na kukatika. Du. Simu zikarudi mifukoni moja moja.

"Hicho kinachogonga ni nini?" bibi mmoja mzee wa upande wa kulia akauliza. "Jamani, ninyi wenye macho ya gizani, nauliza, ni nini?"

"Ni kidevu, mama." Sauti ilitoka mlangoni.

"Kidevu cha nani?"

"Cha yule jike. Anagonga ukuta. Huanza hivyo akishalala na njaa."

Bi Kamera, kwenye meza ya mashine, akageukia mlangoni. Aliijua sauti ile.

Chuma kikalia kwenye spika.

"Na hilo?"

"Hilo friza. Ni mimi nalifunga. Samaki wamo ndani, wamejaa tele."

"Baba watoto, nyamaza!" Mdogo wake Bi Kamera alikuwa amesimama, kofia yake ya karatasi ilichakarika gizani.

"Nimenyamaza miaka sita, mama watoto. Leo hata sionekani, acha niseme." Akakohoa kidogo. "Sasa hivi mtamsikia amekuja juu. Haya, huyo, anapumua. Ameachama. Mimi nitamwonyesha viganja."

Na spika ikasema, kwa sauti ile ile ya mlangoni: "Hakuna, mama. Bosi amesema hakuna."

Mtu mmoja upande wa kulia akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Zima hiyo!" Meneja akaruka juu. "Afisa, zima! Huyu mama amekiuka!"

Muhuri akawasha tochi ya simu, akamulika karatasi yake, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza akatazama na nyuma.

"Kaa chini, bwana," akasema. "Kibali kinasema picha. Wewe unaona picha? Mimi sioni picha."

"Lakini—"

"Unataka niandike kwamba niliona?"

Meneja akakaa. Ndoo akaendelea kusimulia, bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake: hapa navua kofia, hapa muziki wa watoto umeanza nje, hapa maji yanaongezwa dawa, ndiyo mnasikia chafya, ile si yangu, ni ya dume. Dakika ya ishirini na moja ikafika. Mwanga ukarudi kwa kishindo cha ngoma na tarumbeta, na yule jike, huyo, akaruka ndani ya pete, maji yanameta, anacheka. Muuza barafu akapiga makofi matatu kwa mazoea. Akaitazama mikono yake, akaikalia.

Filamu ilipokwisha hakukuwa na fujo. Kulikuwa na kelele tu, na kelele ni afya. Meneja alipita katikati ya viti mpaka mlangoni.

"Wewe. Mabuti ni mali ya kampuni."

Ndoo akayavua pale pale, moja baada ya jingine, akayamwaga mchanga, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote. Akabaki na soksi, kidole gumba kimechungulia nje.

Mkewe alimfuata mpaka barazani, akamchapa bega kwa kofia ya karatasi mpaka pua ya pomboo ikang'oka.

"Miaka sita! Unakuja kula, unalala, hukunisimulia hata neno moja!"

"Ungeweza kuuza kofia?"

Akamtazama. Mdomo ulitetemeka, haijulikani kwa hasira au kicheko. Kisha akavua kandambili zake, akamrushia. "Vaa. Utanichafulia nyumba." Zilimfika nusu ya mguu. Yeye mwenyewe akabaki peku, akapandisha mabega kama malkia.

"Dada," akamgeukia Bi Kamera, "wewe usiseme nami mpaka Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Usinichekeshe! Nimekasirika!"

Ndoo alikuwa mbali kimawazo. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi, shem, nani atawapa chakula? Huyo mpya watakayemleta hajui kwamba jike hali mpaka umwamkie kwanza."

"Mwandikie kwenye karatasi."

"Atasoma?"

Bwawa lingefunguliwa kesho kama kawaida. Tangazo la dakika tatu lilikuwa bado linaonyeshwa kwenye kila duka lenye televisheni, na limepigwa vizuri. Aliyepoteza kazi siku hiyo alikuwa mmoja, na ndiye aliyesema kweli.

Ndani, Muhuri alikuwa amejiwekea kiti mezani, anajaza fomu ya taarifa. Akamwita Bi Kamera atie sahihi yake chini. Bi Kamera akainama kusoma. Kwenye nafasi ya *Dakika zilizozuiwa*, afisa alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa shule: *Saba. Hakuna kilichoonekana.*

Huko nje muuza barafu na muuguzi walikuwa bado wanabishana, sasa wakibishania kidevu kiligonga mara ngapi, na muuza barafu alikuwa anagonga kwa ngumi sanduku lake tupu la barafu, du, du, du, kuthibitisha kwamba yeye alihesabu.

Muhuri akainua kichwa, akasikiliza. Kisha akaushika muhuri shingoni mwake, akausubirisha juu ya karatasi mpaka kule nje waliponyamaza, ndipo akaugonga.